Kufuatilia maji ya barafuto yaingiapo baharini: njia tano za setilaiti na namna ya kuchagua

Mtu anayetaka kufuatilia maji yanayoyeyuka kwenye barafuto, yaani barafu nene inayojikokota polepole juu ya ardhi, hadi yanapoingia baharini hasumbuliwi tena na uhaba wa picha, bali na wingi wake. Kamera za MODIS, Landsat na Sentinel-2, rada ya Sentinel-1 na setilaiti zinazopima chumvi ya bahari zote hutoa data bila malipo, na kila moja ina watu wanaoitetea kwa nguvu. Nimeona wanafunzi wakipoteza miezi kwa sababu walianza na picha inayopendeza zaidi machoni, wakagundua baadaye kwamba haikuweza kujibu swali walilokuwa nalo. Ulinganisho huu ni kwa ajili ya mtu aliye katika hali hiyo kabla hajapakua faili hata moja.

Ili maneno yasielee hewani, nitapima njia zote tano kwa mahali pamoja, yaani Kangerlussuaq, magharibi mwa Greenland. Hapo mto Watson hukusanya maji kutoka ukingo wa ngao ya barafu, yaani barafu kubwa iliyoifunika sehemu kubwa ya Greenland, hupita chini ya daraja la mji mdogo, kisha humwaga katika hori refu lenye kuta za miamba, lile ambalo Wanorwe huliita fjord, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 150 kabla ya kufikia bahari ya wazi. Mto huo umekuwa ukipimwa tangu mwaka 2006, kwa hiyo kinachodaiwa na setilaiti kinaweza kuwekwa kando ya kilichopimwa kwa vyombo, jambo ambalo haliwezekani katika sehemu nyingi za Aktiki.

Vigezo

Nitatumia vigezo vitano, kwa mpangilio ambao mtu anapaswa kujiuliza: setilaiti inaona ishara gani hasa, pikseli yake, yaani kimraba kidogo kabisa cha picha, ina ukubwa gani ikilinganishwa na upana wa hori, inapita mara ngapi, na inafanya nini penye mawingu au giza, kumbukumbu yake inarudi nyuma hadi mwaka gani, na inadai kazi, intaneti na fedha kiasi gani. Nikisema MODIS nina maana ya chombo kilichomo ndani ya setilaiti mbili za Marekani, Terra iliyorushwa Desemba 1999 na Aqua iliyorushwa Mei 2002. Setilaiti za chumvi ni SMOS ya Ulaya, iliyorushwa Novemba 2009, na SMAP ya Marekani, iliyorushwa Januari 2015.

Ishara inayoonekana

Kigezo hiki ndicho kizito kuliko vingine vyote, nami nitakaa hapa kwa muda. Hakuna kamera ya angani inayoyaona maji ya barafuto yenyewe, kwa kuwa maji matamu na maji ya chumvi, yakiwa safi, hayatofautiani machoni mwa kamera. Kinachoonekana ni kile ambacho maji yamekibeba. Barafuto inapojikokota juu ya mwamba huusaga kuwa unga laini kiasi kwamba hauzami upesi, nao huyapa maji rangi ya kijivu au ya maziwa yaliyochanganywa na udongo na kurudisha mwanga mwekundu kwa wingi. Aliyewahi kusimama ufukweni Malindi wakati wa masika, akaona maji ya mto Sabaki yalivyoingia baharini, tayari anaijua sura ya jambo hili: ulimi mrefu wa tope wenye ukingo ulio wazi, unaosukumwa huku na huku na upepo pamoja na maji kujaa na kupwa. Greenland huutoa ulimi wa namna hiyo kwa kiwango kisicho cha kawaida. Maji yake ni takriban asilimia 1.1 tu ya maji matamu yote yanayoingia baharini duniani, lakini mashapo yake, yaani tope na unga unaobebwa na maji, yanakadiriwa kufikia asilimia 8 hivi ya mashapo yote yanayopelekwa baharini na mito.

MODIS, Landsat na Sentinel-2 ni ndugu kwa maana hii, kwa kuwa zote tatu huyafuata maji kwa kulifuata tope. Zinatofautiana katika ishara ya pili, ambayo ni joto. Landsat 8 na 9 hupima joto la uso wa maji kwa pikseli za mita 100, na maji yaliyotoka kwenye barafu muda mfupi uliopita hujitambulisha kwa ubaridi wake mbele ya maji ya hori yaliyopashwa na jua la kiangazi. MODIS nayo hupima joto, lakini kwa pikseli za kilomita moja, ambazo ni kubwa mno kwa hori jembamba. Sentinel-2 haipimi joto kabisa.

Sentinel-1 ni kitu tofauti. Hutuma mawimbi yake yenyewe na kusikiliza mwangwi, na tope ndani ya maji haliugusi mwangwi huo kwa namna ya kutegemewa. Inachokiona vizuri ni theluji iliyoanza kulowa, kwa sababu maji kidogo tu ndani ya theluji humeza mawimbi na kufanya eneo hilo lionekane jeusi. Kwa hiyo inaeleza mwanzo wa habari, yaani ni lini na katika mwinuko gani barafuto ilianza kuyeyuka, na huonyesha pia vipande vya barafu vinavyoelea ndani ya hori. Habari ya maji yakishafika baharini hutoka kwenye setilaiti nyingine.

SMAP na SMOS ndizo pekee zinazogusa utamu wa maji wenyewe, kwa kupokea mawimbi hafifu yatokayo kwenye uso wa bahari, ambayo hubadilika kulingana na chumvi. Kinadharia ndizo zilizopaswa kuwa jibu la swali letu. Kwa bahati mbaya usikivu wake hupungua sana maji yanapokuwa baridi, na ukaribu wa nchi kavu au barafu ya bahari huchafua vipimo, yaani mambo yale yale yaliyojaa katika pwani ya Greenland.

Kuna onyo linalozihusu zote tano, na ningependa msomaji alibebe hata akisahau mengine. Mto Watson hutoka kwenye barafuto zinazoishia nchi kavu, na kwa hiyo tope lake huingia kwenye hori likiwa juu ya maji, ambapo kamera inaweza kuliona. Barafuto nyingine huishia ndani ya bahari, kama Sermeq Kujalleq karibu na Ilulissat. Hapo maji hutokea chini ya barafu, mamia ya mita chini ya uso, hupanda kwa kuwa ni mepesi kuliko maji ya chumvi, huchanganyika njiani, na mara nyingine hutulia katikati ya kina bila kufika juu. Juu yake uso wa hori unaweza kuwa umefunikwa na barafu iliyovunjika. Kutoona tope mahali kama hapo hakuna maana kwamba hakuna maji. Hata pale tope linapoonekana, chembe zake hushikamana zikikutana na chumvi na kuzama, kwa hiyo kadiri ulimi unavyokwenda mbali ndivyo rangi inavyopungua upesi kuliko utamu wa maji. Antaktika ni mfano mgumu zaidi, kwani sehemu kubwa ya kuyeyuka kwake kunakoingia baharini hutokea chini ya barafu inayoelea, ambako hakuna rangi ya kufuata.

Ukubwa wa pikseli na upana wa hori

Tuchukue sehemu ya hori yenye upana wa kilomita 3. MODIS, kwa pikseli zake za mita 250, inaweka pikseli 12 kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, na zile za pembeni zimechanganyika na mwamba, kwa hiyo zinabaki nane au kumi za kuaminika. Landsat, kwa mita 30, inaweka 100. Sentinel-2, kwa mita 10, inaweka 300. Sentinel-1 hutolewa kwa pikseli za mita 10 pia, ingawa uwezo wake halisi wa kupambanua ni kama mita 20. Setilaiti za chumvi, ambazo hupambanua takriban kilomita 40, humeza hori zima pamoja na milima yake ndani ya kipimo kimoja.

Nina msimamo hapa: ukubwa wa pikseli hupewa uzito kuliko unavyostahili. Ulimi wa tope wenye urefu wa makumi ya kilomita hauhitaji mita 10, na pikseli 10 zilizopatikana leo, kesho na keshokutwa zinaweza kueleza mengi kuliko pikseli 300 za siku moja. Mambo hubadilika mtafiti anapotaka kuona kilomita ya kwanza baada ya mdomo wa mto, au anapofanya kazi katika hori dogo kama Kongsfjorden huko Svalbard, kwa sababu hapo MODIS haina nafasi ya kutosha, na Landsat au Sentinel-2 ndiyo njia.

Marudio, mawingu na giza

Mwezi Julai 2012 karibu uso wote wa ngao ya barafu ya Greenland, takriban asilimia 97, ulionyesha dalili za kuyeyuka kwa wakati mmoja, na mafuriko ya mto Watson yakavunja sehemu ya daraja la Kangerlussuaq. Tukio hilo lilikuwa la siku chache. MODIS hupita kila mahali huko juu zaidi ya mara moja kwa siku, na hivyo ilikuwepo. Upande wa Landsat, kamera kuu ya Landsat 5 ilikuwa imesimama tangu Novemba 2011 na Landsat 8 ilirushwa Februari 2013, kwa hiyo katika kiangazi hicho kilichobaki ni Landsat 7, ambayo tangu Mei 2003 ilikuwa ikitoa picha zenye mistari mitupu kwa sababu ya hitilafu ya chombo chake. Sentinel-2 haikuwa imezaliwa. Anayetafiti mwaka huo hana uchaguzi mpana.

Kwa miaka ya karibuni hali ni nzuri zaidi. Landsat 8 na 9 kwa pamoja hurudi kila baada ya siku 8, na setilaiti mbili za Sentinel-2 kila baada ya siku 5, kwa hesabu ya ikweta. Kuelekea ncha ya dunia njia zao hulaliana, na eneo kama Kangerlussuaq huonekana mara nyingi zaidi ya hapo. Lakini wingu halijali ratiba. Tuseme siku mbili kati ya tatu zina mawingu. Setilaiti inayopita mara nne kwa mwezi itapata picha safi moja au mbili, ilhali inayopita kila siku itapata kumi. Tena mawingu hayaji kwa bahati nasibu tu, kwa kuwa hewa yenye joto na unyevu, ambayo mara nyingi ndiyo inayoharakisha kuyeyuka, huja na mawingu yake. Mfululizo wa picha safi pekee unaweza kuwa umeacha nje siku zile zile ambazo mtafiti alizihitaji.

Giza halisumbui sana kamera, kwa kuwa msimu wa kuyeyuka, kuanzia Juni hadi Septemba hivi, unaangukia kipindi chenye mwanga mrefu. Hata hivyo kufikia Septemba jua hukaa chini, na vivuli vya kuta za hori hufunika maji hasa mahali ambapo hori ni jembamba. Sentinel-1 haihitaji jua wala anga safi, na huu ndio ubora wake usio na mpinzani. Nazo SMAP na SMOS haziuhitaji mwanga, na huifunika dunia yote ndani ya siku tatu hivi, ingawa wastani wa siku kadhaa huhitajika kabla kipimo cha chumvi hakijatulia.

Urefu wa kumbukumbu

Landsat haina wa kushindana naye hapa. Landsat 1 ilirushwa Julai 1972, na picha za mita 30 zilianza mwaka 1982, ingawa katika maeneo ya Aktiki hazina hiyo ya zamani ina mapengo makubwa. MODIS inatoa zaidi ya miaka 20 ya picha za kila siku kutoka chombo cha aina moja, na kwa kuonyesha kama msimu wa tope unarefuka, mfululizo huo ni hazina ya pekee. Inafaa kujua kwamba Terra na Aqua zimezeeka, saa yao ya kupita inasogea mwaka hadi mwaka na kubadilisha pembe ya jua, na mrithi wao, VIIRS, ana pikseli za mita 375 badala ya 250. Anayeanza kazi ya miaka kumi ijayo ajipange kwa uhamisho huo tangu sasa. Sentinel-2 inaanzia Juni 2015 na Sentinel-1 inaanzia Aprili 2014, ikiwa na upungufu wa picha baada ya Sentinel-1B kuharibika Desemba 2021, hadi Sentinel-1C iliporushwa Desemba 2024.

Kazi, intaneti na fedha

Data zote ni za bure, na Landsat imekuwa hivyo tangu 2008. Gharama imejificha kwenye intaneti na kwenye usafishaji wa picha. Picha moja ya Landsat au Sentinel-2 inaweza kukaribia gigabaiti moja, mzigo mkubwa kwa anayenunua bando kidogo kidogo, ilhali picha za MODIS zinaweza kutazamwa siku baada ya siku kwenye tovuti ya NASA iitwayo Worldview, hata kwa simu. Google Earth Engine, ambayo ni ya bure kwa kazi za utafiti zisizo za biashara, huondoa sehemu kubwa ya mzigo huu kwa kuwa hesabu hufanyika huko huko na mtumiaji hupakua matokeo tu.

Usafishaji una mitego yake. Sehemu kubwa ya mwanga unaofika kwenye kamera umetoka hewani, wala haukugusa maji, na programu nyingi za rangi ya bahari huondoa mwanga huo kwa kudhani kwamba maji ni meusi katika infraredi ya karibu, yaani mwanga ulio jirani na mwekundu ambao jicho haliuoni. Maji yenye unga wa mwamba si meusi hapo. Programu kama ACOLITE ziliandaliwa kwa kuzingatia maji mazito ya namna hii, na zinafaa Landsat na Sentinel-2. Mtego wa pili ni wa Sentinel-2 pekee: tangu tarehe 25 Januari 2022 namba zilizomo ndani ya faili huongezewa 1000, na asiyeziondoa ataona tope la Greenland likiruka juu ghafla katika mwaka huo bila sababu yoyote ya kimaumbile. Mtego wa tatu unazihusu kamera zote. Mwanga mwekundu huongezeka kadiri mashapo yanavyoongezeka hadi kikomo fulani, kisha hukwama, na katika mdomo wa mto wenye tope zito ni lazima kuhamia kwenye infraredi ya karibu.

Kubadili rangi kuwa miligramu kwa lita kunahitaji chupa za maji zilizochotwa mahali penyewe, zikachujwa na kupimwa. Asiye na vipimo hivyo, awe na setilaiti yoyote, aseme kwamba anapima eneo na muda wa tope, na asiandike kiasi.

Rada inadai elimu zaidi, kwa kuwa mwangwi hauna sura ambayo jicho limeizoea. Data za SMAP na SMOS ni ndogo na huja zikiwa zimekwisha kukokotolewa, hivyo ni nyepesi kuzipata. Ugumu wake ni kujua zipi za kuzitupa.

Kila njia na mtu wake

MODIS inamfaa anayeuliza juu ya wakati: tope lilianza lini, lilidumu siku ngapi, lilifuatana vipi na joto la mwaka huo, katika mahori mapana na kwa miaka mingi. Sentinel-2 inamfaa anayetaka umbo na mahali, mipaka ya ulimi wa tope, mikondo midogo, mahori membamba, kuanzia 2015. Landsat inamfaa mwenye swali la vizazi viwili, au anayehitaji joto na rangi kutoka picha moja. Sentinel-1 inamfaa anayetaka kuunganisha tukio la baharini na chanzo chake juu ya barafu, au anayefanya kazi mahali pasipoisha mawingu. SMAP na SMOS zinamfaa anayeangalia bahari pana mbali na pwani, kwa mfano namna utamu unavyoenea katika bahari ya Labrador, kwa tahadhari kubwa juu ya ubaridi na barafu.

Kulingana na hali yako

Ukiwa na muhula mmoja, kompyuta ya kawaida na intaneti ya kubahatisha, anza na MODIS katika hori moja ambalo mto wake umepimwa, kama Kangerlussuaq, na uliza swali la muda badala ya kiasi. Tumia picha chache za Sentinel-2, tano au sita za siku safi, kuhakiki kwamba pikseli zako hazijachanganyika na nchi kavu.

Ukiwa unafuatilia mto mdogo au ghuba nyembamba, chukua Sentinel-2 na Landsat kwa pamoja badala ya kuchagua moja, kwa sababu ratiba zao hazifanani na kila moja huziba siku ambazo nyingine imezikosa. Hakikisha tu kwamba umezisafisha kwa programu moja kabla ya kuziweka kwenye mstari mmoja.

Ukiwa Dar es Salaam au Mombasa na unataka kujifunza mbinu kabla ya kuipeleka Aktiki, jaribu hatua zote kwenye ulimi wa tope wa Sabaki au Rufiji, ambako unaweza kwenda mwenyewe kwa mashua kuchota maji siku ambayo Sentinel-2 inapita. Namba utakazopata hazitahamishika moja kwa moja, kwa sababu udongo wetu mwekundu haurudishi mwanga kama unga wa mwamba, lakini makosa ya usafishaji utakayoyagundua ni yale yale.

Ukiwa unafuatilia barafuto inayoishia ndani ya bahari, tumia Sentinel-1 kujua siku ya kuyeyuka na hali ya barafu inayoelea, Sentinel-2 au Landsat kutazama mahali ambapo maji yanafanikiwa kutokeza mbele ya barafuto, na usitoe kauli juu ya wingi wa maji bila vipimo vya chumvi na joto vilivyochukuliwa kwa kina kutoka kwenye meli au mashua.

Na ikiwa swali lako ni tani ngapi za barafu Greenland inapoteza kwa mwaka, hakuna hata moja kati ya hizi tano inayokufaa. Nenda kwenye setilaiti za GRACE, zilizofanya kazi kuanzia 2002 hadi 2017, na mrithi wake GRACE-FO, aliyerushwa Mei 2018, ambazo hupima mabadiliko ya uzito wa eneo kwa mvutano wake na zimeonyesha hasara ya takriban tani bilioni 270 kwa mwaka tangu zilipoanza. Hesabu hiyo huja kwa mwezi, kwa maeneo yenye upana wa kilomita 300 hivi, nayo inajumuisha barafu inayomeguka na kuelea pamoja na maji yanayotiririka bila kuyatenganisha.